Haikuwa mamba muntu, ilikuwa samaki ya altare

Bwana mhariri, jambo sana. Juzi mulitoa habari ya watu wanaovunja "vitu vya mapepo" ndani ya maparseli (viwanja vya nyumba), nikasoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka juu hata sisi ilitufikia, hapa Katuba, mutaa wa Lubumbashi, kwa mama yangu mukubwa.

Muzee wetu, baba yake na mama, alikuwa mupishi kwa muzungu moja wakati muji bado inaitwa Élisabethville. Siku muzungu anafunga mizigo ya kurudi kwao akamuachia sanduku ya vyombo, muzee akaileta kwa kinga (baiskeli). Ndani sahani, vijiko, na kitu moja ya porseleni, shubiri moja na nusu hivi: samaki wawili wamesimama wameshikana tumbo kwa tumbo, juu ya ua lililofunguka sawa bakuli, pinki na kijani, na kamstari ka dhahabu kwenye mapezi kalianza kufutika juu ya kupanguswa kila jumamosi. Sisi watoto tuliita tu "samaki mbili". Ilikaa kwenye kabati ya salo, kando ya Bikira Maria, miaka na miaka, na haikukula mutu.

Mwaka huu biashara ya mama mukubwa haitembei, wamama wa maombi wakaja kuombea nyumba, moja akaona samaki, akaona ua la majini, akasema njo hii, mamba muntu (pepo ya maji, nusu mwanamuke nusu samaki) amekaa kwenu. Wakaomba nyundo. Wakaivunjia kwenye simenti ya nyuma, pale tunatwanga sombe, na mama mukubwa mwenyewe njo aliwapa nyundo, sina haja ya kuficha.

Sasa wacha niseme ile kitu ni nini, juu nilianza kutafuta wakati imekwisha kuvunjika (njo vile tuko). Wabudha wako na alama nane za baraka, zilitoka India zikapita Tibet mpaka China: gurudumu, baragumu ya konokono wa bahari, mwavuli, bendera ya ushindi, ua la yungiyungi, chungu, fundo lisilo na mwisho, na samaki wawili. Samaki ni mutu asiyeogopa, anaogelea katika mateso ya dunia bila kuzama. Nayo ile bakuli ya chini ni ua la yungiyungi, juu linaota matopeni na linatoka safi. Wakati wa mfalme Qianlong wa China, 1736 mpaka 1795, jumba la kifalme lilipenda sana Ubudha wa Tibet, na mafundi wa Jingdezhen, muji wa porseleni huko China, wakafinyanga alama zote nane, kila moja na kikalio chake, za kupanga mustari mbele ya sanamu ya Budha. Pamoja na hizo kunakuwa vyombo vitano: chetezo katikati, vinara viwili vya mishumaa, vyungu viwili vya maua. Wakatoliki wenzangu, chetezo, mishumaa, maua, hebu niambieni hapo mapepo yako wapi?

Na kazi yake si ya mchezo. Udongo mweupe wa kaolini wanauchanganya na jiwe lililosagwa, unaingia motoni karibu digri 1300, kisha wanapaka rangi juu na kurudisha kwenye moto mdogo. Ile pinki inatoka kwa dhahabu, dhahabu yenyewe! Na ile bluu ya vyombo vya Wachina ni kobalti, sisi watu wa Katanga tunaichimba kila siku tunaipakia kwenye makamyo na hatujui hata inapaka rangi gani.

Kuna moja nyingine inanichoma zaidi. Huko Dehua, mukoa wa Fujian, walifinyanga sanamu nyeupe pe ya Guanyin, mwenye huruma wa Wabudha, mara nyingine amebeba mutoto. Japani ilipokataza Ukristo, tangu 1614, wakristo waliojificha walipiga magoti mbele ya hiyo hiyo Guanyin ya porseleni wakimwomba Maria, askari akiingia anaona tu kitu cha Wabudha. Walikaa vile zaidi ya miaka mia mbili. Leo mukristo wa Katuba anachukua nyundo.

Mutu asinielewe vibaya, sisemi yetu ilitoka kwa mfalme. Chini iko na muhuri mwekundu, lakini mihuri ya Qianlong waliiga sana miaka iliyofuata, hata leo wanaiga, kwa hiyo inaweza kuwa ya babu wa babu ama ya juzi tu. Mimi nasema: mbele ya nyundo, pindueni chini muangalie, mupige picha, mumuulize mutu wa jumba la makumbusho hapa mjini. Kuvunja hakukimbii, mutavunja kesho.

Vipande nimeviweka ndani ya kopo ya maziwa. Ukikivunja ndani ni nyeupe kabisa, ukigonga na kucha inalia tii. Mukia moja haujapatikana. Nilimwambia mutoto wa jirani kila kipande atakacholeta nampa franka mia mbili, akaleta vinne siku ya kwanza, sasa analeta mpaka vya sahani za mama yake.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi