Mikhoels hakufa kwa ajali

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita juu ya Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, ilinifurahisha, hasa mlipokumbusha kwamba alijiandikisha London kusoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, na kwamba Jomo Kenyatta alionekana pembeni katika filamu yake ya mwaka 1935. Kilichonifanya nishike kalamu ni picha iliyokuwa chini ya ukurasa. Robeson yuko na wanaume wawili, nanyi mmeandika tu kuwa ni wageni kutoka Urusi, 1943. Ndani ya makala mmoja wao kapewa nusu sentensi: mwigizaji Mrusi, alifariki kwa ajali ya gari 1948.

Hakuwa Mrusi, na haikuwa ajali. Naomba nafasi.

Jina lake la jukwaani ni Solomon Mikhoels. Nyumbani aliitwa Shloyme Vovsi, Myahudi, mzaliwa wa mji wa Dvinsk, ambao leo uko Latvia na unaitwa Daugavpils. Alizaliwa Machi 1890 katika familia iliyoshika dini, akasomea sheria Petrograd, ambayo leo ni St. Petersburg, na huenda angekuwa wakili kama mwaka 1919 mwongozaji wa tamthilia Alexander Granovsky asingefungua pale studio ya kufundisha waigizaji wa Kiyahudi. Mikhoels aliingia akiwa na miaka 29, umri ambao wengi wakiufikia huwa wameshaambiwa waache kuota. Sura nayo haikuwa ya kuuzia tiketi: mtu mfupi, paji la uso pana, mdomo wa chini umetokeza. Uso huohuo ndio uliokuja kujaza kumbi.

Mwaka 1920 kundi lilihamia Moscow, likapewa nyumba yenye ukumbi mdogo wa viti 90 hivi. Aliyepewa kazi ya kuupamba alikuwa Marc Chagall, mchoraji, ambaye alipaka rangi kuta zote na bado hakuridhika, akahamia kwenye mavazi na nyuso za waigizaji. Inasimuliwa kwamba alimlalamikia Mikhoels kuwa jicho lake la kulia linamharibia kazi. Lisingekuwepo, angempaka uso wa maana. Michoro ile ya ukutani ilinusurika na leo iko katika jumba la sanaa la Tretyakov. Nilikaa Moscow miaka ya sabini nikisomea uhandisi wa maji Chuo cha Patrice Lumumba, na wakati ule hata Warusi wenyewe hawakuonyeshwa.

Waliigiza kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Wengi waliokaa vitini hawakuijua lugha hiyo, na walirudi tena. Mwaka 1925 Mikhoels aliingia kwenye filamu ya kimya, akiwa Menakhem Mendl, fukara mwenye suti iliyochakaa na mipango isiyokwisha kichwani. Kila biashara inamfia mkononi. Mwishowe anaamua kuwa mshenga, na anaota amesimama kwenye ngazi za bandari ya Odessa akisafirisha mabibi harusi kwa meli kwenda Marekani kama mtu anayepakia karafuu. Itazameni. Mikono yake inaongea kuliko maandishi yaliyowekwa kati ya picha na picha, ingawa maandishi yale yaliandikwa na Isaac Babel, ambaye hakuwa mwandishi wa kawaida.

Granovsky alibaki Ulaya baada ya ziara ya 1928, na kundi likaangukia mikononi mwa Mikhoels. Februari 1935 akatoa kazi ambayo wajuzi wa tamthilia wanaitaja hadi leo: Mfalme Lear, kwa Kiyidishi, tafsiri ya mshairi Shmuel Halkin. Sisi tunaojua kwamba Mwalimu Nyerere alimtia Shakespeare katika Kiswahili hatushangai mfalme wa Uingereza kuongea lugha ya watu wa Dvinsk. Siku zile ilikuwa jambo la kuthubutu.

Watu walimzoea Lear wa ndevu nyeupe zinazofika kifuani. Mikhoels alimtoa hana ndevu kabisa, kizee mfupi aliyejiamini kupita kiasi, anayegawa nchi kwa binti zake kwa kuwa anadhani ameshaijua dunia yote. Alimtungia ishara moja: mkono unapita usoni, unapanda hadi kichwani, unatafuta taji. Mwanzoni taji lipo. Baadaye mkono unapanda vilevile na haukuti kitu. Chale wa mfalme aliigizwa na Benjamin Zuskin, rafiki yake na mwenzake wa jukwaani kwa miaka mingi, na wanaosimulia onyesho lile hawawezi kumtaja mmoja wakamwacha mwingine. Mwingereza Edward Gordon Craig, mwongozaji wa tamthilia, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alilitazama Moscow mwaka huohuo na akawaambia watu wa kwao kwamba hawana Lear wa namna ile. Vipande vichache vilipigwa filamu na vipo. Nilivyoviona havifiki hata muda wa kunywa kikombe cha chai, na vinatosha kumwonyesha mwanafunzi wa sanaa pale Bagamoyo jinsi ya kumzeesha mfalme bila kuinamisha mgongo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwandishi wenu, kwa kuwa alikuwa anamhusudu Robeson kama Mwafrika, hakupaswa kulikosa. Mwaka 1936 ilitoka filamu ya Kisovieti ya Grigori Aleksandrov iitwayo Sarakasi. Mwanamke mzungu wa Marekani anakimbia kwao kwa sababu amezaa mtoto mweusi. Siri inapofichuliwa mbele ya watazamaji wa sarakasi Moscow, badala ya kumzomea wanampokea mtoto, wanampitisha mkono kwa mkono, na kila taifa linambembeleza kwa lugha yake. Ubeti wa Kiyidishi unaimbwa na Mikhoels. Mtoto mwenyewe ni James Patterson, ambaye baba yake, Lloyd Patterson, alikuwa Mmarekani mweusi aliyekwenda huko 1932 pamoja na Langston Hughes kutengeneza filamu ambayo haikutengenezwa.

Wanafunzi wa Kiafrika tuliiona filamu hiyo kwenye televisheni ya bweni mara nyingi kuliko tulivyopenda. Tulikuwa tunaicheka. Nje ya bweni, kwenye basi, si kila mtu alitubembeleza. Lakini yule mama aliyekaa mlangoni akitunza funguo aliniambia siku moja, kwa sauti ya chini, nimtazame vizuri yule mfupi anayeimba, kwa sababu alipokuwa msichana kipande chake hakikuwemo. Kilikatwa baada ya 1948. Mtoto mweusi alibaki, mataifa mengine yalibaki, Mikhoels akatolewa. Alirudishwa kimyakimya baada ya Stalin, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, kufa. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza.

Vita Kuu ya Pili ilipowaka, serikali ilimhitaji. Mwaka 1942 alifanywa mwenyekiti wa Kamati ya Wayahudi ya Kupinga Ufashisti, na mwaka uliofuata akatumwa nje ya nchi pamoja na mshairi Itzik Feffer kukusanya fedha na huruma kwa Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti. Huyo Feffer ndiye wa pili katika picha yenu. Walizunguka Marekani, Kanada, Meksiko na Uingereza. Tarehe 8 Julai 1943 watu karibu 50,000 walijaa uwanja wa Polo Grounds, New York, kuwasikiliza. Walikutana na Einstein, na Chaplin, na Robeson. Nisimfanye Mikhoels malaika. Alisema aliyotumwa kusema, kama wasanii wetu walivyowahi kupanga mistari kiwanjani kuwapongeza wakubwa, na alipewa nishani zote ambazo nchi ile iliweza kumpa mwigizaji: Msanii wa Umma wa Muungano wa Kisovieti mwaka 1939, Tuzo ya Stalin mwaka 1946. Ila watu wa kwao, waliopoteza ndugu katika mauaji ya Wanazi, walianza kumwandikia yeye badala ya kuiandikia serikali. Kwa Stalin hilo halikuvumilika.

Januari 1948 alitumwa Minsk kukagua maonyesho yaliyopendekezwa kwa Tuzo ya Stalin. Usiku wa tarehe 12 aliitwa kutoka hotelini yeye na mhakiki wa tamthilia, Golubov-Potapov, ambaye alikuwa akipeleka habari kwa usalama wa taifa na ndiye aliyetumiwa kumtoa. Walipelekwa kwenye nyumba ya mapumziko ya Lavrentiy Tsanava, mkuu wa usalama wa Belarusi, wakauawa wote wawili, na miili ikatupwa barabarani kwenye theluji ionekane kama imegongwa na lori. Pravda, gazeti la Chama cha Kikomunisti, likaomboleza. Mwili ulilazwa katika ukumbi wake mwenyewe Moscow, maelfu wakapanga foleni kwenye baridi, na ukumbi ukapewa jina lake. Wauaji wakapewa nishani kwa siri. Haya si porojo za wapinzani: yamo katika barua ambayo Beria, mkuu wa usalama wa Kisovieti, aliwaandikia viongozi wenzake Aprili 1953, mwezi mmoja baada ya Stalin kufa, akieleza nani aliamuru na nani alitekeleza.

Kwa hiyo, Mhariri, mkiandika "ajali ya gari" mnaichapisha upya taarifa ya wauaji. Najua haikuwa nia yenu. Maneno hayo yameganda kwenye vitabu vya zamani na kila mtu ananakili. Naomba tu msahihisho uwekwe ukurasa uleule, si kule nyuma kwenye matangazo ya viwanja.

Zuskin alirithi uongozi wa kundi. Desemba 1948 alichukuliwa kutoka kitanda cha hospitali akiwa katika matibabu ya kulazwa usingizi, akazindukia gerezani. Mwaka 1949 ukumbi ukafungwa. Tarehe 12 Agosti 1952 watu 13 wa ile kamati waliuawa kwa risasi, Zuskin na Feffer wakiwemo, na Feffer naye alikuwa mtoa habari wa usalama kwa miaka mingi, haikumsaidia. Januari 1953, miaka mitano kamili tangu Minsk, Pravda ileile ikamtaja Mikhoels kuwa adui, katika kesi ya kubuni ya madaktari waliosingiziwa kupanga kuwaua viongozi, ambamo binamu yake, Profesa Miron Vovsi, alikuwa mshtakiwa mkubwa. Mwezi uliofuata mume wa binti wa Mikhoels, mtunzi wa muziki Mieczysław Weinberg, akakamatwa. Alitoka kwa sababu Stalin alikufa.

Mmeahidi sehemu ya pili ya makala ya Robeson. Mwambieni mwandishi aanzie Moscow, Juni 1949. Robeson alifika, akauliza marafiki zake wako wapi, na Feffer akaletwa hotelini kutoka gerezani, amevishwa suti. Kwa maelezo ya mtoto wa Robeson, chumba kilikuwa na vinasa sauti, hivyo wawili hao waliongea mambo ya kawaida kwa mdomo na mengine kwa ishara za mikono na vikaratasi. Siku chache baadaye, katika tamasha, Robeson alimtaja Mikhoels hadharani kisha akaimba kwa Kiyidishi wimbo wa wapiganaji uliochochewa na uasi wa geto la Warsaw, mtaa ambao Wanazi waliwafungia Wayahudi. Sauti ilirekodiwa na inasikika mpaka leo. Maneno ya utangulizi yaliondolewa. Aliporudi Marekani akawaambia waandishi wa habari kwamba hakusikia lolote baya juu ya Wayahudi kule. Mimi nadhani alikosea, na nadhani pia najua kwa nini: nyumbani kwake walikuwa wakimsubiri kwa mawe, na aliona akifungua mdomo atawapa maadui zake jiwe jingine. Mwandishi wenu anaweza kuwa na mawazo tofauti. Nitayasoma.

Mhandisi mstaafu wa maji,
Morogoro