Kwa Nini Karakana Yetu Haifungi Vifaa vya Kupunguza Matumizi ya Mafuta

Kila mara EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini Kenya, inapotangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya mwezi, wateja kadhaa hutujia na kifaa mkononi. Mara nyingi huwa ni sumaku mbili za kubanwa kwenye mpira wa petroli, na wakati mwingine kopo la chuma lenye chembe za kauri linalowekwa kati ya tanki na injini. Huwa tunakataa kuvifunga, na mteja anayekataliwa anastahili kuelezwa sababu.

Wauzaji husema kwamba molekuli za mafuta hukaa zikiwa zimeshikamana, kwamba sumaku huzitenganisha, na kwamba zikishatengana hukutana na oksijeni na kuungua zote. Ni kweli kwamba petroli isiyochanganyika vyema na hewa huungua vibaya, na hapo ndipo maelezo hayo hupata mvuto wake. Lakini kazi ya kuchanganya ni ya nozeli, zinazonyunyiza petroli kwa matone madogo mno ambayo joto la injini huyageuza kuwa mvuke. Sumaku haina nguvu ya maana juu ya petroli.

Hata tukikubali kwamba inafanya kazi, ingeokoa nini? Katika injini ya kisasa isiyo na hitilafu, petroli inayotoka bila kuungua haizidi asilimia 3 hivi. Upotevu mkubwa ni wa joto, linalotoka kupitia eksozi na radieta, na hilo kifaa kilichobanwa kwenye mpira hakiligusi. Anayeahidi kupunguza matumizi kwa asilimia 20 anaahidi kuokoa kisichopotea. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hii bila kupata kilicholeta nafuu kubwa.

Wapo wateja wanaoapa kwamba waliona tofauti, nasi hatuwaiti waongo. Mtu aliyetoka kununua kifaa hukanyaga mafuta kwa upole, na Barabara ya Mombasa wakati shule zimefungwa si ile ya Ijumaa jioni mvua ikinyesha. Anayetaka kupima ajaze tanki kwenye pampu ileile hadi ijikate yenyewe, aandike kilomita, arudie kwa matanki matatu akiwa na kifaa na matatu bila kifaa, na ikiwezekana dereva asijue ni lini kimefungwa.

Gari likianza kunywa mafuta kuliko kawaida, sisi huanza kwa kusoma kompyuta ya injini. Sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, ikichoka huidanganya kompyuta hiyo, ikashindwa kudumisha kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli na kumwaga mafuta ya ziada. Thamostati, yaani vali inayodhibiti joto la maji ya injini, ikikwama wazi huifanya injini isipate joto lake, nayo huendelea kupewa mafuta kama ya asubuhi ya Julai. Baada ya hapo hukagua plagi, chujio la hewa, upepo wa magurudumu na breki. Mwenye Probox mmoja aliyetuletea sumaku alikuwa na breki ya mbele isiyoachia, na gurudumu lilikuwa na joto la kuunguza kiganja. Tulitengeneza breki hiyo, tukamrudishia sumaku zake ndani ya boksi.