Balbu Zinaungua Kila Mara? Pima Umeme Kabla ya Kununua Nyingine

Mteja akirudi dukani kununua balbu ya chumba kile kile alichonunulia majuzi, hatuanzi na kampuni iliyoitengeneza. Tunamuuliza: zinaungua chumba hicho tu, au nyumba nzima? Na je, kuna taa ambayo siku hizi inang'aa kupita kawaida? Kama ni chumba kimoja tu, tunashuku holda iliyolegea, au kava iliyofunga joto ndani. Kama ni nyumba nzima, tatizo liko kwenye umeme, na hata tukikuuzia katoni nzima hujatatua kitu.

Balbu ya zamani ya uzi ndiyo inayoonyesha wazi umeme uliozidi unavyofanya kazi yake. Uzi wake ni wa tangsteni, na ukiwaka hufikia takriban nyuzijoto 2,500 za Selsiasi. Tangsteni huyeyuka kwenye 3,422, kwa hiyo nafasi iliyobaki si kubwa. Chukua balbu iliyoandikwa volti 230 uipe 253, yaani asilimia 10 zaidi. Mwanga utaongezeka kwa zaidi ya theluthi, na wapo wanaofurahi wakidhani wamepata balbu bora. Maisha yake yameshashuka hadi karibu theluthi ya yale iliyotengenezewa. Hata ziada ya asilimia 5 tu inatosha kuyakata nusu. Uzi ukipata moto zaidi, tangsteni hugeuka mvuke haraka zaidi na kuganda kwenye kioo, ndiyo ule weusi unaouona ndani ya balbu iliyochoka. Mahali uzi ulipokonda zaidi ndipo panapochemka zaidi, na hapo ndipo utakapokatikia.

Mara nyingi hukatika pale unapobonyeza swichi, basi lawama zote anabebeshwa fundi aliyefunga swichi. Masikini, hana kosa. Uzi uliopoa hauzuii umeme sana, hivyo kwa kitambo kidogo mno unapitisha mkondo unaoweza kuzidi mara kumi ule wa kawaida. Uzi uliokonda hauhimili pigo hilo.

Kinyume chake pia ni kweli. Kule Livermore, California, kwenye kituo cha zimamoto, kuna balbu ya uzi iliyoanza kuwaka mwaka 1901 na imevuka miaka mia moja. Lakini inawaka kwa wati 4 hivi tu, mwanga hafifu ambao hakuna mteja wetu angeukubali sebuleni.

Taa za LED zina tabia nyingine. Iliyotengenezwa vizuri ina saketi inayodhibiti mkondo, kwa hiyo umeme ukipanda kidogo hutaona tofauti yoyote kwenye mwanga. Zile za bei ya chini kabisa hazina udhibiti wa maana. Umeme ukipanda zinang'aa zaidi, zinapata moto, kisha zinaanza kupepesa. Fungua moja iliyokufa (ukiwa umeshaichomoa kwenye holda, tafadhali) uangalie mambo mawili. La kwanza ni kapasita, kile kikopo kidogo cha duara: kichwa chake kikiwa kimevimba badala ya kuwa bapa, kimezidiwa na joto au volti. Volti 230 tunazozitaja ni kipimo cha wastani tu. Kila wimbi lina kilele cha volti 325 hivi. Kapasita nyingi humo ndani huwa za volti 400. Umeme ukipanda hadi 300, kilele kinapita 420, na kikopo hakina pa kukimbilia. La pili ni vile vipande vya njano vinavyotoa mwanga. Kimoja kikiwa na nukta nyeusi katikati, kimekufa, na kwa kuwa vimeungwa kwa mfuatano, kimezima na wenzake.

Sasa tuje kwenye hali inayotutia wasiwasi kuliko zote: nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, iliyolegea au kukatika. Kwenye umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme, kila fezi na nyutro ni volti 230, lakini fezi kwa fezi ni 400. Nyutro ikikatika, vyombo vilivyo kwenye fezi tofauti vinajikuta vimeungana kwa mfuatano na kugawana hizo 400. Mgao wenyewe hauna haki. Upande wenye pasi au hita unabaki na volti chache, ule wenye balbu mbili na televisheni unapokea karibu zote. Ndiyo maana utaona taa za upande mmoja zinafifia huku za upande mwingine zikiwaka kama tochi ya welda, na zinabadilika kila friji inapoanza kunguruma.

Ukiona hivyo, zima mein swichi papo hapo. Usisubiri uone kama itatulia, na usiitegemee stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme. Nyingi hazikuundwa kustahimili volti 400. Balbu ni hasara ndogo, televisheni na friji ndizo zitakazokuumiza.

Wenye sola nao wasijione wako salama. Betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hufika 14.4 hivi, na balbu iliyobanwa kwenye 12 kamili inateseka mchana kutwa. Tafuta iliyoandikwa volti 10 hadi 30.

Ukituita, tunapima volti mara mbili: vyombo vikiwa vimezimwa, kisha vikiwa vimewashwa, maana nyutro mbovu hujificha pasipo na mzigo. Baada ya hapo tunakagua maungio kwenye mein swichi na kwenye boksi la breka. Kipimo kikikaa juu ya 253 hata upande wa mita, tunakuandikia vipimo na saa tulizopima ili uwapelekee wanaokuuzia umeme, kwa sababu nguzo na transfoma ni kazi yao. Ukipiga simu, tuambie taa zipi zinang'aa, zipi zinafifia, na ni chombo gani kikiwashwa ndipo zinabadilika.