Wachumi wetu wanakwama kwenye data ghafi

Mhariri,

Vijana wengi wanaomaliza shahada ya uchumi wanatamani kazi ya ushauri wa sera, na vyuo vinawaandaa kwa grafu na milinganyo. Sisi tunaoifanya kazi hii tunawaona wakikwama penye faili la data ghafi.

Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi. Kiasi hicho ni cha mtu mzima, na watoto huhesabiwa kwa sehemu ya mtu mzima. Tuseme kaya ya baba, mama na watoto watatu wadogo inatumia 190,000 kwa mwezi. Mgeni wa kazi hugawa kwa 5, anapata 38,000, anaiandika maskini. Lakini mtoto wa miaka mitatu hamalizi sahani ya baba yake! Kwa viwango vya umri na jinsia, kaya hiyo inaweza kuwa sawa na watu wazima 3.6, kila mmoja anapata karibu 52,800, na kaya imeshavuka mstari. Kosa hilo likirudiwa kwa maelfu ya kaya, fedha za wilaya zinakwenda kusikostahili. Wengine husahau uzani wa sampuli, ilhali kila kaya iliyohojiwa inawakilisha kaya nyingine kwa idadi tofauti.

Wanakwama pia kwenye zabuni za ushauri, ambako andiko la kiufundi, yaani maelezo ya namna kazi itakavyofanywa, ndilo hufunguliwa kwanza. Lisipofikia alama za chini zinazotakiwa, bahasha ya bei haiguswi. Wengi hunakili hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi yaliyotolewa na mteja, neno kwa neno, bila kusema wadadisi watakaohoji kaya ni wangapi, watafanya kazi siku ngapi, na dodoso litajaribiwa wapi kabla ya kwenda uwandani.

Tunaviomba vyuo vikuu vimpe kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu data za kaya zenye mapengo yake, azisafishe kwa wiki nne, kisha amwandikie katibu mkuu wa wizara ukurasa mmoja wa ushauri. Na ajifunze kuuwasilisha mapema, Oktoba hivi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti za wizara hujadiliwa bungeni kuanzia Aprili. Ushauri unaofika Machi hukuta hesabu zimeshafungwa.

Wachumi washauri,
Dodoma