Mdogo wangu, lile kofi ningekupiga tena

Mdogo wangu,

Nimesikia unaoa. Nimesikia kwa shangazi, ambaye umemweka kwenye kundi la michango pamoja na ukoo mzima, hadi majirani wa Igoma. Mimi hukuniweka. Hongera, na nasema hivyo kwa moyo wote, maana huyo binti nilimpenda tangu siku ile ya mto Simiyu.

Ilikuwa siku nzuri jamani! Jumatatu ya Pasaka tunakwenda zetu Magu kusalimia, ukamwambia konda atushushe darajani, eti tutembee. Hakuna aliyejiandaa, mama mdogo na viatu vyake vya kanisani. Tukaliacha ziwa mgongoni, tukaufuata mto kuelekea juu. Mpunga umechanua kwenye majaruba, ng'ombe wanakunywa, maji yenyewe haba yanapita pembeni ya mchanga. Ulituimbisha njia nzima. Kufurahisha watu unajua, hilo sikunyimi.

Lakini yule mzee aliyekuwa akichunga alituonyesha mapovu na mabua ya mahindi yakishuka na maji. "Maswa imenyesha," akasema. Kwetu jua linawaka. Wewe ni mtoto wa Usukumani, hukuhitaji kufundishwa kwamba mvua ikipiga huko juu, Simiyu inakukuta huku chini huna habari. Ukamweka mwanangu mabegani, ukaingia.

Maji yalikuwa ya magotini. Kabla hujafika katikati yakawa ya kiunoni, rangi ya chai ya maziwa. Ndala moja ya mtoto ikachomoka, ikaenda. Yeye amekushika masikio, anapiga kelele, "Mjomba, twende!" Nakuita urudi, ukayumba, ukacheka. Ukacheka!

Ulipotoka nilikuzaba kofi mbele ya mchumba wako na watu wote. Unasema nilikudhalilisha. Wapo wanaosema ningekuita pembeni, hao hawakuwepo. Ningemwambia nini baba wa mtoto? Nami ndiye niliyekubeba mgongoni mama akiwa sokoni Mwaloni na dagaa zake, sijakuokota njiani.

Kwenye ndoa yako, mkeo akikwambia rudi, rudi. Usingoje apige kelele. Anayekupigia kelele hakuchukii, na mimi sikuwahi kukuchukia hata siku ile.

Mchango wangu nimempa shangazi, kwa jina langu, usiurudishe. Mpwa wako anauliza atavaa nini harusini kwa mjomba. Niweke kwenye hilo kundi, nijue rangi ya sare.

Dada yako