Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024: safari ndefu ni ya kila mtu?

Ndugu wanachama wa chama chetu cha waendesha pikipiki, wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Najua wengi mtaisoma hii kwenye simu mkiwa kijiweni au mnasubiri mteja, kwa hiyo mambo ya kawaida nayapitia fasta. Mwaka tuliuanza tukiwa 41 tumemaliza 47. Ada wengi mmelipa, wachache bado na mnajijua, hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe siku ya mkutano na risiti zote anazo. Mafunzo ya huduma ya kwanza tumefanya mara mbili, begi la dawa limejazwa upya. Kwenye msiba wa mama wa mwenzetu tulijitokeza wengi mno, siku ile nilijisikia vizuri sana kuwa mwenyekiti wenu, asanteni.

Kilichonikaa rohoni mwaka huu ni safari ya Mbeya na nitaisema yote.

Tuliondoka Dar pikipiki 14, saa kumi na moja alfajiri, giza bado, mpango ni kulala Mbeya siku hiyohiyo, zaidi ya kilomita 800. Mpango ule niliupitisha mimi. Watu wawili walisema kwa siku moja ni mbali sana, nikawajibu mbele ya wote kwamba asiyeweza abaki, basi kwenye grupu wakaanza kuitwa watoto wa mama. Wote wawili wakaja. Nikikumbuka saa hizi naona kosa lilianzia pale, hata injini hazijawashwa.

Mpaka Chalinze malori yalitubana lakini watu bado wana nguvu, Morogoro tukanywa chai tukacheka, Mikumi tukapita taratibu kama inavyotakiwa maana barabara inakata katikati ya hifadhi karibu kilomita 50 na ukiwa kwenye pikipiki huna bodi ya kukukinga, nyani wamekaa pembeni ya lami wanakuangalia na tembo anaweza kukatiza muda wowote. Kwenda taratibu kukatula muda. Baada ya pale nikaanza kukimbiza msafara ili tufidie, vituo nikavifupisha, chakula cha mchana nikasema tutakula Iringa.

Ruaha Mbuyuni tulisimama kunywa maji pale kwenye meza za vitunguu, jua la saa nane, bonde lile joto lake mnalijua. Mwenzetu mmoja ana pikipiki kubwa, cc 1200, pesa yake wengine tungenunulia kiwanja. Alishuka akasimama anahangaika na mkanda wa helmeti chini ya kidevu. Vidole havishiki. Anaminya kifungo kinateleza, anaminya tena kinateleza, mpaka mama muuza vitunguu akainuka akamfungulia kama anamfungulia mtoto shati la shule. Mimi niliona kwa macho yangu. Nikamuuliza vipi, akasema niko fiti mwenyekiti, nikasema haya twende.

Mlima Kitonga mnaujua, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia ya kwanza na mengine yanashuka breki zinanuka. Kwenye kona moja aliyekuwa nyuma ya yule mwenzetu wa cc 1200 akaona pikipiki yake inahama polepole, inavuka mstari, inaingia upande wa wanaoshuka, na mtu hageuzi kichwa wala nini, ametulia tu. Lori lilikuwa linakuja. Dereva akapiga honi ndefu ile, jamaa akashtuka akarudi upande wake. Kati yake na bampa sidhani kama zilibaki mita tano.

Ilula tukasimama wote. Alikaa chini kwenye changarawe, hajavua hata glavu, akaniambia, "Mwenyekiti nilikuwa nalala tangu Mikumi, nilikuwa naogopa kusema." Ana miaka 44, ana watoto watatu. Alilala Iringa akarudi Dar kwa basi, pikipiki tukaipakia kwenye lori, na sisi kesho yake tukaenda Mbeya lakini ile raha haikuwepo tena.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kama safari ndefu inamfaa kila mwendeshaji nasema hapana. Zamani nilikuwa nasema inamfaa kila mwenye moyo, na nimelisema hilo kwenye vikao vyetu mara nyingi, naomba mlifute. Moyo alikuwa nao yule. Leseni anayo, vifaa vizuri kuliko vyangu, mjini anaendesha miaka sita. Ila masaa mawili ya mjini na masaa tisa ya highway ni vitu viwili tofauti. Mjini unashika breki, unakanyaga gia, unakwepa bajaji, akili haipati nafasi ya kulala. Barabara ndefu mkono umekaa sehemu moja, mtetemo uleule, mlio uleule, na upepo unakukausha jasho kabla hujaliona kwa hiyo unajiona mzima wakati mwili umeishiwa maji, vidole vinaanza ganzi, kichwa kinakuwa kizito, macho yako wazi ila hayaoni. Ukiwa spidi 80 kila sekunde unakula mita 22. Ukisinzia sekunde mbili tu umepita mita 44 hujui ulipitaje.

Na wala msidhani pikipiki kubwa ndo dawa. Aliyefika Iringa siku ile akiwa mzima kuliko wote ni kijana wetu wa bodaboda mwenye Boxer ya cc 150, na tulimlalamikia njia nzima kwamba anatuchelewesha. Kila baada ya saa moja anasimama, anashuka, anaizunguka pikipiki yake, anagusa cheni, anabonyeza matairi, anakunywa maji, ananyoosha mgongo, anaondoka. Kitonga alipanda gia ya pili nyuma ya lori bila hata kujaribu kuovateki, amekaa mbali na ule moshi, ametulia. Nilimuuliza kwa nini hana haraka akasema, "Mzee, hii pikipiki ndo ugali wa wanangu, siwezi kuipeleka isikotaka kwenda." Huyu nikimwambia twende Songea kesho simuogopei, na kwenye macho ya watu wengi pikipiki yake ni ya kubebea abiria tu.

Kwa hiyo ninavyoona mimi kinachotenganisha watu sio cc wala miaka barabarani. Safari ndefu inamfaa mtu anayeweza kusema nimechoka mbele ya wenzake kumi na tatu na asione aibu. Asiyeweza kusema hivyo haijamfaa bado, hata awe fundi wa kona kiasi gani. Sasa tatizo ni kwamba chama chetu tumefanya neno nimechoka liwe gumu kutamka, tumelitania, tumelipigia kelele kwenye grupu, na mimi nilikuwa mbele. Namwomba radhi yule ndugu hapa kwa maandishi kama nilivyomwomba kwa mdomo, na wale wawili waliosema mapema nawaomba radhi pia, walikuwa sahihi.

Kuna ambao haitawafaa kabisa na hakuna ubaya. Mzee wetu mmoja mgongo wake hauvumilii zaidi ya saa moja na nusu, basi. Dada yetu mmoja, na kwa kuiweka pikipiki kwenye mchanga sijaona wa kumfikia humu ndani, aliniambia wazi kwamba yeye raha yake ni kuvuka Kigamboni Jumapili asubuhi, kuogelea, kula samaki, kurudi nyumbani kabla ya joto, safari za siku nzima anaona ni mateso na hana sababu ya kuzitafuta. Analipa ada kama sisi. Ila ukiangalia bajeti ya mwaka pesa nyingi imeenda safari mbili ndefu na hizo za Jumapili hazijapata hata ya maji. Hilo lirekebishwe.

Wengine mmenipigia mkisema mwenyekiti uzoefu unakuja kwa kwenda, ukimzuia mtu atajifunzia wapi. Kweli kabisa, mwili unazoea. Ila unazoea kwa hatua, hauanzi na 800. Ndo maana kamati tunapendekeza mwanachama aanze na Bagamoyo kwenda na kurudi, alafu Morogoro, karibu kilomita 190, alale huko, alafu Dodoma au Iringa, baada ya hapo ndo aandikwe safari kubwa. Kwa siku moja tusizidi kilomita 400, maana yake Mbeya inakuwa siku mbili na nusu, na wenye likizo fupi mtanisamehe. Kusimama kila saa moja ni lazima hata kama hakuna aliyechoka, tena watu washuke, sio kukaa juu ya siti na kuchati. Usiku hatuendeshi. Mwendo unapangwa na aliye taratibu kuliko wote, na mfunga msafara, yaani yule anayekaa nyuma ya wote, ana haki ya kusimamisha wote bila kuulizwa sababu. Wa kuelekea Makambako mjiandae na baridi pia, upepo wa kule unapenya, mtu aliyetoka na jasho la Mbuyuni akifika kule na tisheti anatetemeka mpaka usukani unatetemeka, koti liwe juu ya begi, na ukikosa kabisa gazeti kifuani chini ya shati linasaidia sana.

Mapendekezo haya tutayapigia kura mkutanoni moja moja. Mkiyakataa nitaheshimu ila msafara wa kilomita 800 kwa siku sitauongoza tena, mtatafuta mwingine.

Uchaguzi wa viongozi uko palepale, nafasi ya mratibu wa safari iko wazi. Jina lililoletwa na watu watano tofauti ni la yule ndugu yetu wa Kitonga, nimemuuliza mwenyewe kama yuko tayari, akanyamaza kidogo akasema atakubali kama safari ya kwanza ni ya Bagamoyo. Ameshapita njia na gari kuangalia wapi pa kusimama. Jumapili ya kwanza baada ya mkutano basi, tunakutana sheli ya Tegeta saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tenki limejaa, maji lita moja na nusu kila mtu, na aliyelala vibaya usiku aseme pale pale sheli, tutampakiza nyuma ya gari la chama na tutafika naye.