Ukiumwa Sema, Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama huko Nairobi, na kwamba karatasi zako za safari ya Uingereza zimekaa sawa. Sisi hatujambo. Wageni wa mwisho wa mazishi waliondoka kijijini Seme Jumatatu, viti na mahema yamerudishwa kwa wenyewe, na mimi na mama yako tumesharudi Kisumu. Nyumba imekuwa kimya mno kwa watu wawili.

Nimeusoma tena wasifu uliomwandikia nyanya yako. Kila aliyekuwepo mazishini ameusifu. Mchungaji ameomba nakala, na baba yako mdogo anataka uchapishwe upya kwa ajili ya jamaa ambao hawakuweza kufika. Mimi niliyesahihisha insha za watoto wa watu maisha yangu yote nilisimama pale nikajivuna, nikasema moyoni huyu ni wangu. Lakini kuna sentensi moja katika aya ya tatu inayoninyima usingizi. Umeandika kwamba Dani, kama tunavyomwita nyanya yako, alifanya kazi maisha yake yote na hakuna siku hata moja aliyolalamika. Watu waliitikia amina. Mimi hapo ndipo niliposhindwa kuinua uso.

Nataka tuzungumze habari ya sentensi hiyo kabla hujapanda ndege.

Kwamba alikuwa mtu wa kazi, hilo halina mjadala, na mengi unayajua kuliko mimi kwa sababu ulilala kitandani kwake. Ila mwanzo wake hukuuona. Alizaliwa kabla samaki mbuta, yaani sangara, hajatiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na mbuta huyo ndiye aliyekuja kutulisha. Viwanda vilipofunguliwa hapa Kisumu, minofu ilikwenda Ulaya, na sisi wa mtaa wa Obunga tukabaki na mgongo wazi: kichwa, uti, mkia, na vinyama vilivyokwepa kisu. Mikokoteni ilileta migongo hiyo ikidondosha maji barabara nzima, kina mama wakaianika juani, kisha wakaikaanga kwenye makarai makubwa kwa mafuta ya samaki huyohuyo. Mamangu aliwasha kuni saa nane mchana, ili wafanyakazi wakianza kutoka kazini saa kumi na moja wakute samaki tayari. Namwona hadi leo akigeuza migongo kwa kipande cha nondo, uso ameuelekeza pembeni, jicho moja amelifumba kwa moshi. Mafuta yakimrukia mkononi alipaka unga, akaendelea kugeuza. Yale madoa uliyokuwa ukiyahesabu ukiwa mdogo ndiyo hayo.

Ada yangu ya chuo cha ualimu ilitoka kwenye karai hilo. Noti zilinuka samaki, na karani alizishika kwa ncha za vidole. Niliona aibu siku ile. Leo natamani ningekuwa na noti moja niliyoiweka.

Kisha mwaka 1999 Ulaya ikafunga soko lake kwa samaki wa ziwa letu, kwa hofu kwamba kuna watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vikasimama, migongo ikakosekana, na Obunga nzima ikaona njaa kwa sababu ya uamuzi uliofanywa mbali sana na watu wasiojua kama tupo. Wapo waliokaa kungoja. Yeye aliuza karai, akanunua magunia, akaingia kwenye omena, wale dagaa wa ziwani. Kwenye giza la mwezi wavuvi hutoka na taa, samaki hufuata mwanga, na alfajiri yeye alikuwa ufukweni akinunua. Jumapili, ibada ikiisha tu, alikuwa sokoni Kibuye na gorogoro yake, lile kopo la kupimia. Mvua ikinyesha kabla mzigo haujakauka, wote ulikwenda kwa bei ya chakula cha kuku, na jioni alirudi akasema mungu ni mwema. Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika, alipanda matatu kwenda Seme kupalilia. Aprili hadi Julai, ziwa linapofungwa kwa omena, alihamia kwenye mboga: mrenda, saga na mnavu. Ukitafuta mwezi aliopumzika katika mwaka wake huupati. Na ujue kwamba elimu ya msingi haikuwa bure hadi mwaka 2003. Kabla ya hapo watoto wa shangazi zako walisomeshwa na gorogoro hiyo.

Haya yote umeyaandika vizuri. Sasa nikuambie ambalo halimo.

Mama yako alipokuwa akipanga vitu vyake alikuta mkebe wa majani chai juu ya kabati. Ndani mlikuwa na vidonge vya presha vilivyokatwa nusu kwa wembe, vingine robo, na wembe wenyewe umefungwa kwa karatasi ya daftari. Wewe ni muuguzi, sina la kukufundisha hapo. Kidonge cha kila siku ni cha kila siku. Yeye alikinywa nusu ili cha mwezi mmoja kifike miwili. Na usidhani pesa ya dawa ilikosekana. Ilitumwa kila mwezi. Nimefungua daftari lake la hesabu nikaona ilikokwenda: sare ya shule, ada ya mtihani, mchango wa chama cha akiba, mabati mawili ya jiko la jirani aliyeunguliwa. Kila senti imeandikwa kwa mwandiko wake uliosimama wima.

Kizunguzungu alikuwa nacho tangu Krismasi. Mwanamke anayeuza naye Kibuye amenisimulia baada ya mazishi kwamba mara mbili alimshika asianguke. Alipoulizwa alisema, ni uchovu tu. Kwangu pia alisema hivyohivyo kwenye simu, ni uchovu tu, baba, nitalala mapema. Watu wa kumuuliza zaidi tulikuwepo, tena karibu, bodaboda moja tu kutoka kwake. Kiharusi kilipomjia alikuwa peke yake jikoni.

Kwa hiyo unaposema hakulalamika, mimi nasikia kitu kingine. Alilalamika nusu kidonge kwa nusu kidonge, na hakuna aliyesikia. Sitaki jambo hilo lisomwe mbele ya wajukuu kama sifa. Kabla ya kuchapishwa upya, tafadhali iandike upya aya hiyo. Andika kwamba aliumwa muda mrefu na akaficha ili watoto wasome. Ni heshima kubwa zaidi, na ni kweli. Baba yako mdogo atapinga; mwambie nimesema mimi.

Sasa nakuja kwako, na usinikasirikie.

Nilikuona usiku wa matanga ukiosha zile sufuria kubwa. Uliinama, ukainuka, ukashika kiuno kwa mikono yote miwili, ukasubiri mpaka maumivu yapite. Nilikuuliza. Ulinijibu nini? Ni uchovu tu, baba. Sauti ileile. Nilitaka kuketi chini hapohapo.

Si mara ya kwanza. Ulipokuwa chuoni ulilazwa siku nne, na sisi tuliambiwa na mwenzako wa chumbani baada ya wewe kuruhusiwa kutoka. Ulisema hukutaka kututia wasiwasi. Mwanangu, wasiwasi ni kazi yetu, tuachie. Mama yako hadi leo akikupigia simu husikiliza kwanza unavyopumua ndipo akusalimie.

Huko Uingereza unakwenda kuinua wagonjwa na wazee, zamu za usiku, baridi, na mtu wa kukuona ukishika kiuno hayupo. Najua utafanya kazi. Hilo halinipi hofu hata kidogo. Damu yako ni ile. Ninaloogopa ni kwamba utaumwa halafu utasema ni uchovu. Utatuma pesa ya shule ya mdogo wako na wewe unakunywa maji ya moto kwa maumivu. Pesa hiyo nitaipokea, nitashukuru, na sitajua. Basi nakuambia mapema: nikigundua umetuma hela ya matibabu yako kwetu, nitairudisha, hata kama mabati yanavuja.

Ulinieleza mwenyewe kwamba visa ya wauguzi haitozwi ile ada ya afya wanayotozwa wengine, na kwamba matibabu utayapata. Vizuri. Jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza, kabla hata ya kutafuta kanisa na Wakenya wenzako. Mwambie kwamba nyanya amekufa kwa presha. Ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo na mara nyingi haupigi hodi. Mtu hutembea nao akijiona mzima. Hayo unawaambia wagonjwa wako kila siku. Jiambie na wewe.

Na kiuno hicho kipimwe hapahapa kabla hujasafiri. Usiniambie kwamba wakikiona kibovu watakuzuia. Afadhali safari ichelewe.

Ili usiseme baba anahubiri asichokitenda, Jumatano nilikwenda kituo cha afya nikapimwa presha. 158 kwa 96. Nikarudi Ijumaa, ikawa vilevile. Nimepewa vidonge, nakunywa kizima, saa moja asubuhi, mama yako akiwa amesimama mbele yangu kama askari. Nimepunguza chumvi kwenye samaki, na chakula hakina ladha, nakuambia ukweli. Nakueleza haya kwa sababu nataka na wewe unieleze ya kwako. Tofauti ya saa kati yetu na huko ni mbili au tatu tu kufuatana na msimu. Ukitoka zamu asubuhi mimi nimeshaamka zamani. Piga. Hata kama huna la kusema zaidi ya mgongo unauma, piga useme mgongo unauma.

Ninajivunia wewe. Sijui kama nimewahi kukuambia bila kuongeza neno la kukosoa, na hata katika barua hii naona nimeshindwa.

Habari za nyumbani. Kibanda cha Kibuye tumempa shangazi yako aendeleze, gorogoro na magunia yote ameyachukua, ila ameanza kujaza gorogoro kwa kilele kirefu na nahofia hataona faida. Watu watatu wamekuja wenyewe kulipa madeni ya Dani ambayo hata daftarini hayakuwemo. Mmoja alileta shilingi 1,200 zimekunjwa kwenye leso, akakataa chai, akaenda. Chama chake nacho kimeleta zamu yake ya mwezi huu. Tumekubaliana ilipe ada ya yule mtoto mdogo wa shangazi yako anayesoma sekondari. Ng'ombe wa Seme amebaki na kijana wa jirani, na nimemwahidi kiasi kila mwezi, kwa hiyo usimtumie chochote hata akikupigia. Babu yako mdogo tumemwandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, kwa nguvu. Alikataa akisema haumwi. Nimemwambia neno hilo nimelisikia vya kutosha mwaka huu.

Laini ya simu ya Dani bado iko hai, mtu akipiga inaita ndani ya kabati. Mama yako hataki tuifunge sasa, nami sikumbishia.

Anasema amemaliza sweta la kijivu na bado soksi. Anauliza sanduku lako linaruhusiwa kilo ngapi, maana ana unga wa wimbi na mambo mengine ambayo mimi nimeshamwambia huko yanapatikana, hasikii. Njoo Jumamosi kwa basi la mchana, usije na la usiku, barabara ile ya Mau Summit siipendi gizani. Kabla ya hapo nipigie kesho baada ya taarifa ya habari ya saa moja, ukiwa umeshapimwa presha, na unisomee namba zote mbili, ya juu na ya chini. Usizikadirie.

Baba yako